Maisha ya kijamii ya Dodoma: yanakufaa au yanakubana?

Binti wa Ilazo anauliza:

Naomba maoni ya watu waliokaa Dodoma muda wa kutosha kuijua, wawe wenyeji au waliohamia kikazi. Mimi ni mtumishi wa umma, sijaolewa, nimekulia Magomeni, Dar es Salaam, na nilikuja huku ofisi yetu ilipohamishwa. Mwanzoni nililalamikia vumbi, upepo wa Julai na maji ya chumvi kama alalamikavyo kila mgeni, lakini hayo nimeshayazoea na wala siyo yanayonifanya niandike. Kinachonitatiza ni namna watu tunavyoishi pamoja katika mji huu.

Nimepanga nyumba Ilazo. Jirani wa kushoto ni mtumishi wa wizara nyingine, wa kulia ni mhasibu wa idara yetu wenyewe, na mwenye duka la mtaani anafahamu vizuri nani kati yetu ni ofisa mwandamizi na nani bado yuko daraja la chini. Nikikutana na mtu kwa mara ya kwanza, akishaniuliza jina anauliza niko wizara gani, kisha anatafuta njia ya kujua cheo. Jumamosi moja jioni nilikula chipsi kuku katikati ya mji na mwanamume niliyesoma naye chuo, ambaye alikuwa amekuja kikao. Jumatatu mama mmoja ninayemheshimu sana ofisini aliniita pembeni akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, yule shemeji ni wa wapi?" Hakuwa na nia mbaya, nami nilimjibu kwa heshima, lakini tangu siku hiyo najikuta nikitazama huku na huku kabla ya kuketi mahali popote.

Dar nilikuwa na watu wa kazini, watu wa mtaani, watu wa kwaya na wenzangu wa shule, na makundi hayo hayakujuana. Hapa wote ni walewale. Ninayepitisha naye majalada asubuhi ndiye ninayemkuta kwenye jumuiya jioni, ndiye mweka hazina wa kikoba, na ndiye mwenyekiti wa kamati ya harusi ambayo imeniletea kadi ya mchango ikiwa na kiwango kilichokwisha kuandikwa kulingana na cheo changu. Ikifika Ijumaa, wenye familia Dar wanapanda treni, na sisi tunaobaki tunatazamana hadi Jumatatu.

Swali langu ni hili: je, hali hii ni ya mji wenyewe, au ni ya kundi letu la watumishi? Na wale mnaoridhika na maisha ya hapa, mnaridhishwa na nini hasa? Naomba nisiambiwe kwamba nitazoea, kwa sababu mtu anaweza kulizoea jambo na bado lisimfae.

Mwana wa Mvumi:

Dada, karibu, na asante kwa kuuliza bila kuutukana mji wetu, maana wengi huuliza wakiwa wamekwisha kuhukumu. Mimi nimezaliwa Mvumi, nimesoma mjini, na sasa nina duka la vifaa vya ujenzi si mbali na Soko la Majengo, kwa hiyo nahudumia watumishi na wenyeji siku nzima.

Uliyoyaeleza ni ya kweli, lakini sehemu kubwa ya hiyo unayoiita Dodoma imehamia hapa pamoja nanyi. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu huku ulipitishwa mwaka 1973, na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu ikaundwa mwaka huohuo, lakini kwa zaidi ya miaka 40 mji uliendelea kuwa mji wa reli, wa minada, wa wanafunzi, na wa wabunge waliokuja wakati wa vikao na kuondoka. Ni baada ya tangazo la mwaka 2016 la Serikali kuhamia huku ndipo wizara zilipokuja kwa wingi. Sensa ya 2012 ilihesabu watu wapatao 411,000 katika manispaa. Ile ya 2022 ikakuta zaidi ya 765,000 katika jiji. Watumishi waliokuja kwa mkupuo huo walitafuta nyumba na viwanja wakati mmoja, na wengi wakaangukia maeneo mapya yaleyale, kama vile Ilazo, Kisasa, Nzuguni na Iyumbu, kwa sababu huko ndiko nafasi ilikokuwa. Ni kama ofisi nzima iliyohamia mtaani na viti vyake. Mtu wa Majengo au wa Chang'ombe hana haja ya kukuuliza wizara, kwa kuwa jibu lake halimsaidii kitu. Atakuuliza kwenu ni wapi, na kama wazazi hawajambo.

Swali hilo la "kwenu ni wapi" nalo naomba ulielewe kabla ya kulikasirikia. Ugogo ni nchi kame. Mvua hunyesha kati ya Desemba na Aprili, kwa wastani wa milimita 570 hivi kwa mwaka, na ipo miaka inayokatika Februari mtama ukiwa bado haujabeba. Babu zetu walipita katika njaa nyingi, na ile ya mwishoni mwa Vita vya Kwanza vya Dunia, inayoitwa Mtunya, bado wazee wanaitaja kwa huzuni. Katika nchi ya namna hiyo, mfugaji hakuwalaza ng'ombe wake wote katika zizi moja. Aliwagawa kwa ndugu na marafiki wa mbali, wao wakapata maziwa na yeye akabaki na mali yake, ili ukame au ugonjwa ukipiga upande mmoja asifilisike. Kwa hiyo kumjua mtu, ukoo wake na kijiji chake ilikuwa ni kujua utakimbilia wapi siku ya shida, na ni nani atakayekimbilia kwako. Mgogo anayekuuliza maswali hayo leo hatafuti habari ya kupeleka mahali, bali anaangalia kama kuna uzi wowote unaowaunganisha, na akiukosa ataanzisha mwingine.

Ushauri wangu ni kwamba utafute angalau jambo moja ambalo kazi yako haina maana yoyote ndani yake. Nenda mnada wa Msalato siku ya Jumamosi, si kwa kula nyama choma tu na wenzako wa ofisini kisha mkarudi na gari lenu, bali kaa, nunua kuku wako, bishana bei, salimia kwa "Mbukwenyi" uone watu watakavyokuchangamkia. Baada ya mavuno, ukipata mwaliko kijijini, nenda ukawaone akina mama wakipiga ngoma za muheme, kwa maana hapa kwetu ngoma hizo ni za wanawake na wanaume hawazigusi ovyo. Upande wa Mpunguzi kuna wakulima wa zabibu wanaohitaji mikono wakati wa kuvuna, na hakuna atakayekuuliza daraja la mshahara ukiwa na kisu na ndoo. Dodoma hiyo ipo, tena iko karibu, ila haiji Ilazo kubisha hodi.

Aliyeondoka Makole:

Dada yangu, nakuandikia kutoka Mwanza, ambako nilihamia baada ya kuishi Dodoma kwa miaka kadhaa. Kaka wa Mvumi amesema mengi ya kweli, na habari ile ya ng'ombe imenigusa, lakini naona kuna jambo moja amelipita haraka, labda kwa sababu yeye ni mwanamume na ana kwao hapo.

Mimi nilikuwa hivyohivyo anavyokushauri uwe. Nilihama nyumba za watumishi nikapanga kwa mama mmoja mwenyeji, mtu mwema kupita kiasi, aliyenifundisha kupika mlenda na ugali wa uwele, na ambaye nilipougua malaria alilala kitini kando ya kitanda changu. Mama huyohuyo ndiye aliyekuwa akishika ufunguo wa geti na kulifunga saa tatu usiku. Mgeni wangu wa kiume aliketishwa barazani, mlango wa sebule ukiwa wazi, naye mama akichambua mchele hapohapo. Kila nilipotoka aliniuliza naenda wapi na nitarudi saa ngapi, na nisipojibu vizuri alikosa usingizi. Upendo wake ulikuwa wa kweli, nami nilichoka. Kwa mwanamke mtu mzima ambaye hana mume wala mtoto, nafasi anayopewa ni ya binti wa nyumbani, iwe Ilazo kwa watumishi au Makole kwa wenyeji, na tofauti ni nani tu anayemlinda.

Nataka pia kuongeza jambo ambalo ulilidokeza bila kulimalizia, nalo ndilo lililoniondoa. Ulisema watu wa kazini, wa jumuiya na wa kikoba ni walewale. Fikiria kinachotokea katika kikao cha kazi. Siku moja niliona hesabu za semina ambazo hazikukaa sawa, na aliyeziandaa alikuwa ndiye mwenyekiti wa jumuiya yetu, na mke wake ndiye aliyenisimamia msiba wa baba yangu. Nilinyamaza. Sikunyamaza kwa sababu ya rushwa au vitisho. Ni kwamba sikuona nitakavyoweza kumpinga mtu huyo saa nne asubuhi na kupokea chai mezani kwake saa kumi na mbili jioni. Dar ningesema, tungekasirikiana, na kila mtu angeenda kwake, yeye Tegeta na mimi Mbagala. Mji mkuu unahitaji watumishi wanaoweza kupingana, na ukaribu wa namna hii, pamoja na wema wake wote, unafunga midomo ya watu waaminifu. Mpaka leo jambo hilo linaniuma kuliko ufunguo wa geti.

Kwa hiyo usijiulize tu kama una furaha. Jiulize ni mambo gani umeacha kuyafanya tangu ulipohamia. Mimi nilipoyaandika kwenye karatasi, nilijaza fomu ya uhamisho wiki ileile.

Baba Mapacha, Nzuguni:

Naheshimu maamuzi ya dada wa Mwanza, na hoja yake ya vikao nimeisoma mara mbili. Hata hivyo, mimi nimo katika kundi la wanaoridhika, na kwa kuwa umeuliza tunaridhishwa na nini, nitajaribu kujibu hilo tu.

Mke wangu alishikwa na uchungu usiku wakati mimi nikiwa Kigoma kwa safari ya kikazi. Aliyempeleka Hospitali ya Benjamin Mkapa ni jirani yetu, ofisa wa idara nyingine, ambaye ndiye mtu mdadisi kuliko wote katika mtaa wetu. Anajua nimenunua nini, nimejenga mpaka wapi na mtoto wa dada yangu anasoma shule gani. Usiku ule udadisi huo ulikuwa na faida, kwa sababu alikwisha kujua kwamba sipo na kwamba mke wangu amekaribia, hivyo alikuwa amejaza mafuta kwenye gari tangu mchana bila kuombwa. Watoto walipozaliwa wawili badala ya mmoja, akina mama wa jumuiya waligawana zamu za kupika uji na kufua mpaka arobaini ilipotimia. Mimi nimeishi Dar kwenye nyumba ya wapangaji wengi, na mpaka nahama sikuwahi kulijua jina la mtu wa chumba cha mwisho.

Sisemi kwamba wewe nawe utaridhika, maana mimi nina familia na mtu akiwa na watoto wadogo mji unaolala mapema ni neema kwake. Kuhusu michango, kadi ikija na kiwango, hakuna sheria inayokulazimisha kukifuata. Ninachofanya ni kuandika mapema kwenye kundi la WhatsApp kiasi ninachokiweza, jina langu likiwa mbele yake, kabla mweka hazina hajaanza kukumbusha watu. Wachache walinuna mwanzoni. Sasa hakuna anayenipangia.

Msafiri wa Ijumaa:

Mimi ni mmoja wa hao wanaowaacha mkitazamana. Familia yangu iko Kimara, na tangu treni ya umeme ilipoanza kufika Dodoma mwaka 2024, safari ambayo kwa basi ilikuwa ikinimalizia siku nzima sasa inachukua chini ya saa nne. Kwetu ni nafuu kubwa, lakini nimeona gharama yake kwa mnaobaki, na naona haki isemwe. Zamani tuliokuwa huku tulibaki huku hadi mwisho wa mwezi, tukahudhuria misiba, tukabeba majeneza, tukakaa vikao vya harusi. Sasa mzigo huo wote wa Jumamosi na Jumapili umewaangukia wachache, na haishangazi kwamba nyuso mnazozikuta kila mahali ni zilezile. Dada wa Ilazo anadhani watu wanamwandama. Pengine watu waliobaki ni wachache mno kwa shughuli zilizopo, na yeye, kwa kuwa hana mume wa kumfuata wala watoto wa kuwalea, anahesabiwa kuwa ana nafasi wakati wote. Hilo mimi naliona ni dhuluma, hata kama halifanywi kwa makusudi.

Binti wa Ilazo:

Nawashukuru nyote, na kila mmoja amenijibu kwa uzito niliotarajia na zaidi.

Nimefanya kama dada wa Mwanza alivyoshauri, nikaandika niliyoyaacha. Nimeacha kuimba, kwa sababu kwaya ya karibu nami ina watu watatu wa idara yetu, mmoja wao mkuu wangu. Nimeacha kutembea kwa miguu jioni. Nimeacha kumwambia mtu "sikubaliani nawe" mbele ya wengine, na hili sikulijua mpaka nilipoliona kwa mwandiko wangu. Orodha hiyo si ndefu, lakini mimi ni mtu wa kuimba na kubishana, kwa hiyo kilichobaki ni kidogo.

Hata hivyo, sijaijaza fomu ya uhamisho. Maneno ya kaka wa Mvumi yamenifanya nione kwamba mji niliotaka kuukimbia nimeujua kwa upande mmoja tu, na maneno ya baba mapacha yamenikumbusha mama yangu, ambaye Magomeni ya ujana wake ilikuwa hivyohivyo, mlango kwa mlango, na hakuwahi kuilalamikia. Nafikiri nitaanza kwa kuhama Ilazo kwenda karibu na mji wa zamani, ama Kikuyu ama kwenye zile barabara za namba, mahali ninapoweza kwenda sokoni kwa miguu. Nitajitoa kwenye kikoba cha ofisini mzunguko huu ukiisha, ili anayenidai pesa asiwe tena anayesaini ruhusa yangu ya likizo. Msafiri wa Ijumaa, nakushukuru kwa kulitaja lile la kuhesabiwa kuwa nina nafasi wakati wote. Nitalisema wazi kikao kijacho cha kamati, kwa adabu, lakini nitalisema.

Kaka wa Mvumi, nina maswali mawili. Je, kwaya za makanisa ya katikati ya mji zinapokea mtu asiye na mwenyeji wa kumtambulisha? Na hilo la ufunguo wa geti, nitaliepukaje bila kumwudhi mama mwenye nyumba?

Mwana wa Mvumi:

Kwaya zinapokea, dada. Mazoezi huwa jioni za katikati ya wiki. Nenda, keti nyuma, na mwisho wa mazoezi mwone mwalimu wa kwaya umweleze sauti unayoimba. Uwe tayari kuimba nyimbo mbili tatu za Kigogo bila kujua maana yake kwa mwezi wa kwanza.

Ama kuhusu dada wa Mwanza, nakubali kwamba nililipita jambo lake haraka. Dada zangu wawili wamepitia hayohayo, na mmoja naye aliondoka. Wenye nyumba wengi hapa watataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, kwa hiyo kabla hujatoa pesa, mwulize mama mwenyewe, ana kwa ana, geti linafungwa saa ngapi, kama utapewa ufunguo wako, na wageni wanapokelewaje. Usitume dalali akuulizie, kwa sababu dalali atajibu lolote ili apate chake. Mwambie tangu siku hiyo kwamba una shughuli za jioni za kwaya na kwamba wakati mwingine utachelewa. Mama wa Kigogo aliyeambiwa mapema halali na wasiwasi. Mkikubaliana, liandikwe kwenye mkataba. Ukipata nyumba Kikuyu na ukahitaji kubadilisha kitasa, pita dukani.